Baridi ya Ubaoni

Jumamosi ile Tunu Mshangama alirudi nyumbani mchana amefura kwa hasira, akajibwaga kwenye kochi na viatu miguuni. Kampuni yake hutengeneza programu inayopima baridi ya majokofu ya chanjo katika zahanati, na asubuhi hiyo walikuwa wamethibitisha jambo la kutisha: umeme ukikatika kisha ukarudi, kioo cha kipimo huganda kwenye namba ya zamani. Jokofu linaweza kupata joto kama jiko, kioo kikaendelea kusema baridi ipo. Na chanjo iliyopigwa na joto haimkingi mtoto na chochote. Inamwachia maumivu ya sindano tu. Tunu alitaka zahanati zote zipigiwe simu palepale. Mkurugenzi, Bwana Masengwa, akamtazama kwa upole wa kuudhi. “Tunu, mdogo wangu, usituharibie jina. Tutarekebisha kwenye toleo la mwezi ujao, na kwenye maelezo tutaandika kama kawaida, maboresho madogo ya utendaji. Nani ataumia?” Wenzake wakajitia hamnazo, macho kwenye kompyuta. Ndiyo desturi yao watu hawa: kosa kubwa hulipachika jina dogo, kisha wakaenda kunywa chai. Tunu naye akanyamaza, akijifariji kwamba mpaka Jumatatu zahanati hazichomi chanjo. Usingizi ulimchukua bado anabishana kichwani.

Akajiona amesimama kwenye lango la mji asioujua. Jua lilikuwa la utosi, lami inayeyuka, na watu wote wamejifunika mablanketi, jasho linawatiririka huku wakijilazimisha kutetemeka. Bucha ya jirani ilikuwa inanuka, nyama imejaa funza, na mwenye bucha anaisifu kwa wateja wake. Juu ya lango palikuwa na ubao mkubwa ulioandikwa BARIDI. Mwanamke mrefu, kanga kaikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana, akamshika mkono. “Karibu Mji wa Shwari,” akasema. “Mimi ni Amana. Zamani nilikaa katika kila nyumba humu, siku hizi nalala nje ya lango.”

“Shikamoo, mama. Mbona hawavui hayo mablanketi?”

“Marahaba. Hawavui kwa sababu wanauamini ubao. Mtu akishakuamini, huanza kuitilia shaka ngozi yake kabla hajakutilia shaka wewe. Ndiyo maana aliyeaminiwa hana ruhusa ya kukaa kimya.”

Amana akamwongoza hadi kwenye jumba la mtawala wa mji, Sifa, jitu nene lililokuwa likipakwa mafuta mwilini na watumishi wawili. Pembeni yake alijinyoosha Ngoja, akipiga miayo na kumwahidi kila aliyeingia kwamba kesho mambo yatakuwa sawa. Na mtu mmoja mwembamba, Kimya, alizunguka kwa miguu isiyotoa sauti, akiziba nyufa za madirisha kwa pamba. Tunu akauliza Uongo yuko wapi, maana alidhani ndiye mkuu wa mahali kama pale. Sifa akacheka mpaka kitambi kikatikisika. “Uongo? Yule tulimfukuza zamani, ana makelele. Sisi ni watu safi, binti. Hatujamdanganya mtu hata siku moja. Hatujasema kitu!”

Damu ikamchemka Tunu. Akakimbilia dirishani. Huko chini akina mama walikuwa wamepanga foleni juani, watoto wamevalishwa sweta nzito, na muuguzi aliyetoa dawa kwenye sufuria inayotoa mvuke akautazama ubao, akaridhika, akachoma. Kila mama aliyechomewa mwanawe alisema asante. Zile asante ndizo zilizomuuma Tunu kuliko kitu chochote. Akafungua kinywa apige kelele, sauti isitoke. Kinywa kilikuwa kimejaa pamba, na kwa ladha yake alijua imo humo tangu asubuhi. Akamgeukia Amana kwa ishara za kuomba msaada.

“Pamba hiyo sikuitia mimi, wala Kimya hakuitia,” Amana akamwambia taratibu. “Humu kila mtu hujitilia mwenyewe. Basi na kuitoa ni kazi yako.”

Tunu akaivuta. Ikaja kwa mafungu, inakwaruza koo, na kadiri ilivyotoka ndivyo Sifa alivyopiga mayowe: “Utatuua! Utatuua sote!”

“Ninyi ndio mnaoua!” akafoka Tunu, na sauti yake mwenyewe ikamwamsha.

Jua la jioni lilikuwa bado ukutani. Alikaa kitako, akaelewa kwamba Bwana Masengwa hakuhitaji kumdanganya mtu yeyote, alihitaji tu watu kama yeye wafunge midomo. Hasira aliyorudi nayo kutoka kazini sasa ikamgeukia mwenyewe. Akachukua simu, akampigia Sista Apolonia, muuguzi wa zahanati ya bondeni ambako umeme hukatika kila kukicha.

“Shikamoo, Sista. Ni Tunu wa programu ya jokofu. Usikiamini kile kioo, kina kasoro. Jumatatu usichome chanjo hata moja.”

“Jumatatu?” Sista akashangaa. “Mwanangu, huku tunachoma Jumamosi, siku ya gulio, akina mama wanaposhuka kutoka milimani. Tumeanza saa nane, sasa hivi ndiyo namaliza mtoto wa mwisho. Nilihisi vuguvugu nilipofungua jokofu, nikatazama kioo, nikajiona mimi ndiye niliyechoka.” Kisha akauliza: “Mmejua tangu lini?”

“Tangu asubuhi, Sista.”

Hakutukana. Tunu akasikia simu ikiwekwa mezani, kisha sauti ya Sista ikipaa huko nje, ikiwaita akina mama waliokwisha kushika njia ya mlimani warudi, warudi wote na watoto wao.