Makala ya Kwanza

Mdogo wangu ni daktari, lakini hajawahi kumchoma mtu sindano. Majirani hawakulimeza hilo kirahisi. Walikuja na vikohozi vyao, wakaondoka wananung'unika, mwisho wakambandika jina: Daktari wa Karatasi. Kazi yake ni kuchunguza jinsi hospitali na zahanati zinavyoendeshwa, kisha kuandika. Mimi nimezurura nchi za watu, nimelala stoo na mabehewani, na hata huko niliwahi kumsikia mganga mmoja akimtaja.

Makala iliyompa umaarufu ilihusu zahanati ndogo. Alipitia vitabu vya wagonjwa, akakuta mchana haandikwi mtu. Akasema manesi wa zahanati hizo wanashinda bure, afadhali zifungwe, watu waende hospitali kubwa. Wasomi wakaipokea kwa mikono miwili. Kila aliyeandika juu ya zahanati aliinukuu. Wengine hata hawakuisoma, walinakili tu kutoka kwa wenzao, mpaka na namba ya ukurasa iliyokosewa.

Miaka baadaye akagundua alipoteleza. Mchana manesi walikuwa majumbani kwa watu, wakiwahudumia wasioweza kutembea, na hao hawakuingizwa kitabuni. Akaandika makala ya pili, akasema waziwazi: ile ya kwanza nilikosea, msiifuate. Hakuna aliyeishughulikia.

Niliporudi nyumbani safari hii nilikuta tangazo limebandikwa mlangoni mwa zahanati ya mtaani kwetu. Inafungwa. Mama yetu ana kidonda sugu mguuni, na nesi wa pale ndiye aliyekuwa akija kumsafisha na kumfunga bandeji. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya mji.

"Nakwenda mwenyewe kwa afisa wa afya," mdogo wangu akasema. "Nilimfundisha yule. Atanisikiliza."

Nikamsindikiza.

Afisa alisimama tulipoingia, akafuta kiti kwa leso yake mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu! Makala yako ndiyo dira yetu hapa."

"Marahaba. Ndiyo iliyonileta. Ile makala ina kosa. Niliandika nyingine kuikanusha."

"Nyingine?" Akageukia kompyuta, akabonyezabonyeza. "Aa, hii hapa. Sasa mwalimu, ya kwanza imenukuliwa mpaka na nchi nisizojua ziko wapi. Hii ya pili..." Akakaza macho. "Imenukuliwa na wewe mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tufuate ipi? Si wewe uliyetufundisha kwamba kazi yenye uzito ni ile wenzako wanayoitegemea?"

Nilishindwa kuvumilia. "Mwandishi si huyu hapa mbele yako? Anakwambia alikosea!"

"Taratibu, mzee wangu. Wataalamu wote hao wamekosea, amepatia mmoja?"

"Hao wote ni mimi," mdogo wangu akasema. "Hakuna aliyekwenda kuangalia. Wamenisikia mimi, basi."

Afisa akacheka kwa adabu, kama mtu anayemsikia mkubwa wake akijishusha. Akatusindikiza hadi mlangoni, akaomba wapige picha pamoja. Mdogo wangu akasimama kando yake mkoba kifuani, akapigwa.

Zahanati ikafungwa. Mama tulimpeleka hospitali kubwa, akashinda kwenye benchi, akarudi mguu umevimba kama gogo. Akaapa hatakanyaga tena kule. Sasa anayekiosha kile kidonda ni mdogo wangu. Anapiga magoti na beseni lake, glavu zinampwaya, bandeji anaifunga, inateleza, anaifunga upya.

"Unaniumiza," mama alimwambia juzi. "Na udaktari wote huo! Nesi wangu alikuwa na mkono mwepesi. Hivi ni nani aliyewatia hao wakubwa akili ya kumwondoa?"

Mdogo wangu aliinamia beseni. Nilimtazama, naye alijua namtazama. Mara simu yake ikalia mezani, ule mlio wa kumjulisha kwamba kuna mtu amemnukuu.

"Ya kwanza?" nikamuuliza.

Akanyoosha shingo, akachungulia. "Ya kwanza."

"Nani hao?" mama akadakia.

"Watu wananisifu, mama."

"Waambie basi waje wakushikie beseni."