Betri ya Pili ya Gari la Mama

Gari ni la mama. Ndilo alilokuwa anasambazia mikate kabla uvimbe haujamshika mgongo. Hospitali walipotuambia hawana tena cha kufanya, turudi naye nyumbani, mama alitaka kitu kimoja tu: alale usiku mmoja ndani ya gari lake, kando ya ziwa. Baba akasema sawa. Akang'oa rafu za mikate, akapigilia kitanda, halafu akaanza kufunga betri ya pili nyuma, ya taa na feni, ili ile ya mbele ibaki ya kuwashia gari tu.

Betri hizo zinaunganishwa na kidude kinaitwa rilei. Gari likiwaka, rilei inashika, betri ya nyuma inapata chaji. Ukizima, inakaa kidogo halafu inaachia, tak! Hapo kila betri inabaki na umeme wake.

Kila jioni baba anasema, "Kesho inakwisha." Kesho yake anafungua tena. Mara fyuzi imekaa vibaya, mara nati imelegea. Mjomba, kaka yake mama, ambaye ni fundi magari, akaja kuchungulia.

"Shemeji, unafunga betri au unaifuga?"

"Waya huu wa kwenye bodi ya gari unacheza."

Mjomba akauvuta kwa mikono miwili. "Huu hata tembo haung'oi!"

Baba hakucheka. Mjomba akamwangalia, akanawa mikono, akaondoka.

Jana nikampelekea mama maji. Kitanda chake kiko dirishani, na gari liko pale pale nje. Baba akazima injini. Mama akaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Tukangoja.

Tak!

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tangu wiki iliyopita inashika, inaachia. Baba yako anadhani naumwa mpaka masikio."

"Sasa mbona hatuendi?"

"Kamuulize, mwanangu. Mimi nikimuuliza analia."

Kumuuliza baba kitu, kwangu ni kazi. Hata darasani nikijua jibu nanyamaza. Nikasimama nyuma yake mpaka akageuka mwenyewe.

"Baba, si imekwisha?"

"Nani kasema?"

"Mama anaisikia ikiachia."

Spana ikasimama.

"Mama yako alisema alale pale usiku mmoja, halafu basi. Halafu basi! Sasa mimi nikimpeleka..." Akajifuta uso na mikono yenye grisi, uso ukawa mweusi wote. Akaweka spana chini, akasema, "Kamfungie nguo zake. Tunaondoka asubuhi."

Leo asubuhi tulimtoa na godoro lake, baba kichwani, mimi miguuni, tukamwingiza kwa mlango wa nyuma. Baba akawasha taa na feni, vyote vikafanya kazi. Mama akatabasamu. "Haya dereva, taratibu. Mimi si mikate."

Gari likasogea. Hata getini hatujafika, tairi likaingia kwenye kishimo kidogo, kile tunachokiruka kila siku. Mama akapiga kelele. Sijawahi kumsikia mama akilia vile. Baba akakanyaga breki, na breki nayo ikamuumiza mama, akapiga kelele tena.

Wiki iliyopita tu mama alikaa kiti cha mbele, mjomba akampeleka zahanati na kumrudisha, na njia nzima mama alikuwa anamkosoa anavyobadilisha gia.

"Nitaendesha polepole," baba akasema. "Polepole kabisa. Hata tukifika usiku."

"Baba nanii, siwezi."

"Basi lala humu humu uani. Taa si ipo? Feni ipo."

"Nitazame ukuta wa jirani?" Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Nirudisheni ndani."

Tulimrudisha. Baba akatoka tena, akakaa kwenye kiti cha dereva, mpaka sasa hajashuka. Nilimpelekea chakula, hakushusha kioo. Mimi niko hapa kwa mama, nampepea kwa daftari. Kila akizinduka ananiuliza kama baba amekula.

Namwambia amekula.