Uji Uliopoa

...na asinibishie mtu, nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya mawili na la tatu ninaloliweka akiba, kinda wa kasuku akimaliza ndoo nzima ya uji na kuulizia ukoko, sikusimuliwa, kwa hiyo huyu mdogo kwenye kiganja changu ananizingua tu, kichwa kinayumba, macho bado yamefumba, hana unyoya hata mmoja, utadhani kizee kimetoka kuoga kikakosa taulo, mdomo wazi, kiii, kiii, na bomba la sindano nimeshaliinua, sindano yenyewe nimeitoa, uji umo, kazi ni kusukuma tu... mbona mkono hausukumi, mkono huu huu ulionyoa vichwa laki moja bila kumchuna mtu, hata yule fundi bomba mwenye kichwa cha matuta nilimnyoa huku nasinzia, akaondoka kijana, mkewe akamkana... cherehani ya mke wangu inakwenda chumba cha pili, trrr, trrr, kama mvua ya mbali, inasimama.

“Bingwa! Wamekula?”

“Wanakula mpaka wanacheua, mama!”

“Na yule mdogo?”

“Huyo ndiye mwenyekiti wao!”

“Haya bwana. Uji umeupima kwenye mkono, kama alivyosema nesi?”

“Mimi nifundishwe uji?”

Trrr, inanicheka hiyo cherehani, naijua... nesi wa jirani alisema mengi, alisema gusa kwanza kifuko cha shingoni, kikiwa bado kimejaa usiongeze hata tone, kinda atalilia chakula hata akiwa anapasuka, alisema uji wa baridi hausagiki, unachacha humohumo, kinda anakufa njaa huku ameshiba, nami naam dada, naam dada, nimemaliza kusikiliza kabla hajaanza... hawa wawili kwenye kikapu vifuko vyao vimenywea, wamelala mmoja juu ya mwenzake, ila cha huyu mdogo, nikigusa kwa ncha ya kidole, kinabonyea kama udongo wa kufinyangia, uji wa asubuhi uko palepale, na asubuhi nilisimama na bakuli mlangoni pa kibanda changu cha kinyozi nawasimulia wateja, uji nao ukasikiliza mpaka ukapoa... lakini ilikuwa lazima nisimulie, maskini hawa, mama yao aliwakataa, nimeisimulia mara elfu tangu juzi, alivyowapa mgongo, alivyowatimua kwa teke, watu wakalia tukadeki, mmoja akasema Bingwa, sasa wewe ndiwe mama yao, nikavimba siku nzima, na wakikua nitawafundisha neno moja tu, kweli, nikisema nimemnyoa simba sharubu, watatu kwa pamoja, kweli! kweli!... nani atabisha tena... mvuke unapanda kutoka kwenye bakuli la uji mpya, unanipitia usoni polepole, naingia ndani yake, nimekuwa mdogo, niko ndani ya sanduku la mbao la kutagia, giza lina joto, manyoya ya kijivu yamenifunika, juu yangu kitu kinagonga, du, du, du, ni moyo wa mtu mkubwa, sijui baridi ni nini, nafungua mdomo na chakula kinakuja, kina joto la mwili uleule, hakuna anayekipima, hakuna anayekisimulia...

“Bingwa, mbona kimya hivyo? Amemeza?”

...mama yao yuko kwenye tundu kule uani, tangu juzi hajatamka kitu, yeye aliyekuwa anamtukana kila apitaye, nikawaambia watu ni aibu hiyo, aibu ya kutelekeza... na huyu mdogo sasa analia kwa kupumzika, kii, halafu kimya, halafu kii, bomba nimelishika vilevile, tone linaning’inia halidondoki, ngoja nimwite mke wangu aje, nimwambie sijui, yeye amlete nesi, neno hilo sijui kwenye koo langu ni zito kuliko uji wa asubuhi, ila litashuka, na hawa wawili niwarudishe leo leo, kama mama yao atanikubalia... maana lile la kuwakataa nilitunga, alikuwa amewalalia, mbawa ameziachia kama shuka, nilipoingiza mkono hata kuniuma hakuniuma, ananijua, alinitazama tu akasogea kidogo awafunike vizuri, nikamsukuma pembeni kwa vidole viwili, nikawatoa mmoja mmoja.