Alama za Utulivu

Jumatatu saa kumi alasiri, Mama Chiriku alikuwa kwenye cherehani akitia mifuko kwenye kaptula za shule, kumi na mbili za mteja mmoja, binti yake aliporudi na kishikwambi ndani ya mfuko wa kitambaa. Binti alikuwa darasa la nne. Majirani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, na jina hilo likampata na mama yake.

"Shikamoo, Mama. Tumepewa hiki cha kujifunzia nyimbo. Unaimbia nyumbani, chenyewe kinasahihisha."

"Marahaba. Na mwalimu wenu wa nyimbo?"

"Yupo. Siku hizi anachaji."

Ilikuwa kweli. Mwalimu wa nyimbo alihamishiwa stoo. Kazi yake ilikuwa kuchomeka vishikwambi mia na ishirini kwenye umeme asubuhi na kuvichomoa mchana.

Chiriku aliimba wimbo ambao mama yake huuimba akikanyaga cherehani. Kishikwambi kikampa sabini na moja. Chini yake yakatokea maandishi: Kuna kelele. Iondolewe? Ndiyo. Hapana.

Mama Chiriku alimaliza shule ya msingi, na kusoma anajua. Alisoma mara mbili. Kwa kuwa kitu kimetoka shuleni, na shule haimuulizi mzazi mambo ya mchezo, alifuta kidole kwenye gauni akabonyeza Ndiyo. Alipokanyaga tena cherehani, haikutoa sauti. Sindano ilipanda na kushuka, mshono ukatoka umenyooka. Akaitia mafuta, kisha akaendelea na mfuko wa tano. Chiriku alirudia wimbo, akapata themanini na nne.

Jumatano kelele ilikuwa kikohozi cha bibi. Bibi, mkwe wa Mama Chiriku, alilala chumba cha uani, na kwa kikohozi chake ndipo watu wa nyumba walipojua kama ameamka au kifua kimembana. Safari hii Mama Chiriku alikwenda kumuuliza kwanza.

"Ondoeni tu," bibi alisema. "Mimi mwenyewe kimenichosha. Kiende huko shuleni wakakisomeshe."

Kikohozi kikaondoka, ugonjwa ukabaki. Bibi alikohoa mdomo wazi, mabega yakiruka, kimya. Tangu hapo Mama Chiriku akawa anaacha kazi kila nusu saa kwenda kumwekea mkono kifuani. Chiriku akapata tisini na mbili.

Ijumaa mama alikuwa uani anaanua nguo. Akaita, "Chiriku! Hebu toa hiyo sufuria motoni!" Chiriku alikuwa kwenye ubeti wa mwisho. Kishikwambi kiliuliza, naye akabonyeza mwenyewe, haraka, maana mtoto aliye katikati ya wimbo hasomi. Akapata mia moja.

Mama aliingia, akaitoa sufuria mwenyewe, akaanza kumgombeza. Midomo ilitembea. Chiriku alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, sema."

Mama akasema.

"Sema kwa nguvu."

Mama akasema kwa nguvu mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Bibi alikuwa ameegemea mlango.

"Haya," alisema bibi, "nilikuwa peke yangu, sasa tuko wawili."

Jumatatu Mama Chiriku alikwenda shuleni na karatasi ya daftari. Alikuwa ameandika: Naomba sauti yangu. Imechukuliwa Ijumaa kwenye somo la nyimbo. Mwalimu mkuu aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Pole sana, Mama Chiriku. Wewe ni mzazi wa tisa. Lakini hebu tumtazame na mtoto. Mia moja! Shule nzima hakuna."

Mama aliandika chini yake: Akivuka barabara nitamwitaje?

"Mtazoeana."

Alipewa fomu ya malalamiko. Ilikuwa na nafasi ya jina la mtoto, darasa na alama zake. Nafasi nyingine haikuwepo.

Alipitia stoo. Mwalimu wa nyimbo, mikono imejaa nyaya, alisoma ile karatasi. Akaweka nyaya chini, akapiga makofi mara nne. Hayakusikika.

"Haya ndiyo niliyokuwa nawapigia watoto ili waende pamoja," alisema. "Siku ya kwanza tu kiliuliza. Mkuu akabonyeza."

Mama akaandika: Sauti zetu zimewekwa wapi?

"Hakiweki, mama. Kingekuwa kinaweka, ningeshakipasua zamani."

Siku ya kufunga shule ripoti ilikuja. Nyimbo: bora. Nyumbani: tulivu sana, mzazi apongezwe. Palikuwa na mstari wa saini ya mzazi, akasaini, kwa sababu bila saini mtoto asingepokelewa muhula wa pili.

Kisha aliandika karatasi arobaini, akapita nazo mlango kwa mlango. Kikiuliza, bonyezeni Hapana. Mtoto apate sabini na moja, inatosha. Majirani walizisoma, wakamsifu kwa mwandiko.

Muhula wa pili mtaa ulianza kupungua sauti. Ilitangulia nyundo ya seremala, wakafuata mbwa, kisha wanawake waliozoea kuitana juu ya ukuta. Watoto waliimba vizuri sana.

Mama Chiriku alichagua uzi mweusi, ule mnene wa kushonea mikoba. Ncha moja aliifunga kwenye mkono wa binti yake, nyingine kwenye kidole chake mwenyewe. Kuvuta mara moja ni njoo. Mara mbili ni simama hapo hapo. Mara tatu ni bibi amezidiwa. Chiriku alipokwenda mbali zaidi, mama aliunga uzi mwingine.

Jioni moja binti aliita kutoka chumbani.

"Mama!"

"Abee," mama aliitika kwa midomo tu, kama alivyozoea, akasubiri.

"Mama!"

Akavuta uzi.