Ndege ya Saruji

“Pua ya ndege yako inachungulia chumba changu cha kulala!” Keramot alifoka chini ya ukuta.

Mokhlis, jirani yake, alikuwa amekalia ukuta huo. “Ndege ya saruji ikuchungulie? Mdogo wangu kaijenga juu ya paa letu, mfano wa ile iliyompeleka London, kwa jasho lake la huko. Igeuze mwenyewe kama una mbawa!”

Walianza kwa Kibangla cha vitabuni, kama wasomi, ila matusi ya vitabuni hayana chumvi. Punde wote walikuwa wamerudi kwenye Kisileti, lugha ya nyumbani, na mtaa ukatoka kusikiliza.

Chumba chenyewe hakijawahi kulaliwa. Kaka yake Keramot alijenga jumba la ghorofa tatu, akalifunga, akaondoka na funguo kwenda London. Keramot ndiye mlinzi, anaishi na familia kwenye vyumba viwili vya mabati huko nyuma. Lakini alikuwa amemwambia mshenga kuwa jumba ni lake, na mchana huo wakwe watarajiwa wa binti yake Husna walikuwa njiani kutoka Golapganj. Angewakalisha barazani, asingizie joto la ndani.

Si angenyamaza siku hiyo moja? Thubutu! Sisi Wasileti tuguse kote, ila si nyumba tusiyolala ndani yake.

“Chumba chako, funguo ziko wapi?” Mokhlis alipaza sauti. “We si unalala ukuta mmoja na ng'ombe, akipiga chafya unamwambia pole!”

Watu wakaangua kicheko. Keramot akageuka, na langoni akamwona Haji Somir, baba wa mchumba, na mkewe, kifurushi cha tambuu mkononi. Walikuwa wamesikia yote. Kwenye mlango wa mabati, Husna alijifunika uso.

“Haji,” Keramot alisema, “jumba si langu. Nimedanganya. Msichana hana kosa.”

Haji Somir alilitazama jumba, akaitazama ndege.

“Funguo za jumba tunalolinda sisi ziko Birmingham,” alisema. “Mwaka wa tisa huu. Na mimi nilimwambia mshenga ni nyumba ya mwanangu.”

“Mzee, usimalize siri zote leo,” mkewe akamkanya. “Mengine binti atayakuta mwenyewe.” Akanusa hewa. “Hiyo si nyama ya ndimu za satkora?”

“Ndiyo, dada!” mke wa Keramot aliita toka nyuma. “Baba Husna, walete wageni huku, wali unapoa! Na wewe Mokhlis, shemeji, shuka ukutani. Kanawe mikono, uje ule.”