Hata Mbuzi Alitambulishwa

Likizo ya kutembelea magofu na makanisa ilikuwa wazo la mke. Yeye ni mfamasia, mtu wa chupa na vipimo, hapendi makelele. Akapiga hesabu zake: magofu hayaongei, makanisa hayaongei, basi kwa mara ya kwanza tangu aolewe atasema jambo lake mpaka mwisho. Masikini, akasahau anasafiri na nani!

Mumewe ni mshereheshaji wa harusi. Tena si wa kuokoteza. Akishika kipaza sauti yule, bwana harusi mwenyewe anasahau kilichomleta. Mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

Na mke alikuwa na jambo zito kifuani. Alikuwa amepata kazi, mkuu wa kitengo cha dawa kwenye hospitali kubwa, mji wa mbali kabisa. Na alishakubali, jamani! Kilichobaki ni kitu kidogo tu: mumewe kujua.

Siku ya kwanza, magofuni. Mtembeza wageni, mama mmoja mpole mwenye mwavuli, hata hajamaliza kusema karibuni, kashanyang'anywa kazi.

"Mabibi na mabwana!" Mume yuko juu ya jiwe. "Nguzo hii imesimama tangu babu zenu hawajazaliwa, na haijaomba hata kiti! Makofi kwa nguzo!"

Watalii wakapiga makofi. Wengine hata lugha hawaijui, lakini walipiga.

Mke akamvuta shati. "Mume wangu, nina jambo."

"Litasubiri, mke wangu. Ukuta bado haujatambulishwa."

Ukuta ukatambulishwa. Kisima kikatambulishwa. Hata mbuzi aliyekuwa anajilia majani yake kwenye ukumbi wa wafalme, alikaribishwa asalimie kwa niaba ya upande wa bwana harusi.

Jioni hotelini, mke akaoga, akajipulizia manukato, akakaa kitandani, akasafisha koo. Lo! Mtu anakoroma. Na kukoroma kwenyewe kuna vituo vya kusubiri makofi.

Kesho yake, kanisa kuu. Lile la kwenye kadi za posta, lenye dari iliyojaa malaika mpaka shingo inakuuma. Mlangoni kibao kikubwa: KIMYA. Pembeni ya kibao, mzee mlinzi mwenye uso uliofanana na kibao.

Mume akavuta pumzi, mkono juu. "Mabibi na..."

"Shhh!" Mzee alitoa sauti kama tairi lililochomwa msumari. "Ukirudia, nje."

Mke nusura amkumbatie yule mzee wa watu. Akamkalisha mume kwenye benchi, akamwinamia sikioni.

"Nimepata kazi. Mbali. Nimeshakubali."

Mume akafungua mdomo. Mzee akainuka. Mume akafunga mdomo.

Ikaanza sinema ya bubu. Mume akajigonga kifua: na mimi je? Akajishika tumbo: nani atanipikia?

"Mikono unayo," mke akanong'ona. "Si hiyo hapo unairusharusha?"

Mume akakunja uso, akamnyooshea kidole: mbona hukuniambia?

"Ningekuambia saa ngapi? Nilijaribu kwenye nguzo. Nikajaribu kwenye ukuta. Mbuzi alipewa nafasi, baba. Mimi sikupewa."

Mikono ikashuka yenyewe.

Wakatoka nje. Jua, ngazi pana, watalii wamejaa, hadhira ya kutamaniwa. Na sasa kuongea ruksa. Mume kimya. Wakakaa kwenye ngazi. Kimya. Kumbe ule ukimya mke alioutamani miaka yote unatisha hivi!

"Sema kitu basi, mwanaume wewe!"

"Huko," mume akasema polepole, sauti isiyo na harusi ndani yake, "watu wanaoana?"

"Wanaoana."

"Mshereheshaji wanaye?"

"Yupo mmoja. Nasikia anawasinzisha wageni."

Mume akacheka puani, kidogo tu, kisha akamgeukia. "Mbuzi kwanza, halafu wewe mke wangu... Hiyo imeniuma. Haya, anza mwanzo. Sikukatizi."

Mke akaanza. Na mume alijitahidi kweli, tumpe haki yake: alimkatiza mara moja tu, akasimama, akawaomba watu wote waliokaa ngazi za chini wampigie mkewe makofi.