Punje Anasoma Darasa la Pili

Mama Punje alikuwa fundi cherehani, na sare za shule ndizo zilizomlisha. Shule zikikaribia kufunguliwa, chumba chake cha mbele kiligeuka ghala: sketi za buluu zimerundikana hadi dirishani, mashati yanangoja vifungo, na wazazi wamesimama mlangoni wakiulizia za watoto wao kana kwamba aliyechelewa ni yeye. Nyuma ya pazia, kwenye godoro lililotandikwa chini ili asianguke, alilala binti yake wa pekee. Umri wa kuvaa sketi kama zile alikuwa nao. Hakuwahi kuvaa hata moja.

Jina la Punje alipewa na masista wodini. Alizaliwa mimba haijatimiza hata miezi sita, mwekundu, ngozi nyembamba kama ganda la nyanya iliyochemshwa, na kiganja kimoja cha baba yake, ambaye ni mwashi, kilimtosha mgongo na makalio. Daktari aliwaambia wasijipe matumaini. Wakajipa. Mtoto akaishi. Siku anatolewa hospitalini masista walipiga vigelegele, na alipotimiza mwaka wakampiga picha akicheka, wakaibandika ukutani katika wodi ya watoto njiti, ili akina mama wengine waione wapate moyo.

Lakini damu ilikuwa imemvujia kichwani katika siku zake za mwanzo. Wenziwe walikaa, yeye hakukaa. Wakatambaa, wakasimama, wakaanza kuvunja vikombe vya watu, yeye yuko palepale alipolazwa. Macho yake yaliufuata mwanga wa dirisha lakini uso wa mama yake yaliupita. Kisha kikaja kifafa. Mtindio wa ubongo, wakaambiwa, na Mama Punje akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia katika mji asioujua.

Picha ilibaki ukutani.

Siku moja sista mkuu wa wodi akampigia simu.

"Mama Punje, nina binti hapa, mtoto wake kazaliwa kabla ya miezi sita kama wako. Hali, halali, maziwa yamemkauka. Anaitazama ile picha ya Punje kutwa nzima. Njoo umwambie neno, mwenzio anazama."

"Nimwambie neno gani, sista?"

"Mwambie tu kwamba Punje alipona."

Sista hakuwa mtu mbaya. Watoto wakishatoka mikononi mwake walikwenda kliniki nyingine, upande wa pili wa uwanja, naye alikuwa na wengine wa kuwapigania. Punje aliyemjua yeye ni yule wa pichani.

Mama Punje akaenda. Njiani alipanga maneno mazuri, maneno ya ukweli yaliyofungwa kwa upole kama dawa chungu ndani ya asali. Alimkuta binti amekaa kando ya mashine ya joto, mkono ameupitisha kwenye tundu, kidole chake kimeshikwa na vidole vyembamba kama njiti za kiberiti. Binti akainua uso.

"Ndiye wewe? Mama wa yule wa pichani?"

"Ndiye mimi."

"Yuko wapi sasa?"

Ulimi ukateleza. "Yuko shule."

"Darasa la ngapi?"

"La pili."

"Na kusoma anajua?"

"Anasoma mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya saruji ya baba yake. Hanyamazi yule, ukimwita kula anakujibu ngoja nimalize."

Binti akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, chenye kutu, lakini sista aliyekuwa akipima dawa pale mezani aligeuka kutazama. Kesho yake akapiga simu tena: maziwa yametoka.

Mama Punje alimsimulia mumewe jioni hiyo. Mwashi alikuwa amekaa chini, kichwa cha Punje kimeegemea kiwiko chake, anamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akingoja kila funda lishuke asije akapaliwa.

"Darasa la pili," akasema. "Na anashika nafasi ya ngapi?"

Ulikuwa mzaha. Hakuna aliyecheka.

"Wewe ungemwambia nini?" mkewe akauliza.

"Mimi nisingekwenda."

Miezi ikapita. Mtoto wa binti akanenepa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mama Punje ilikomea mlangoni kwake mwenyewe, mchana mmoja cherehani ikinguruma.

"Hodi!"

Alikuwa yule binti, mgongoni amembeba mtoto wake wa kiume, mashavu yamejaa.

"Sista kanielekeza. Nikasema lazima Punje amwone mdogo wake. Hajatoka shule?"

"Karibu, mwanangu. Kaa."

Binti hakukaa. Furaha ilikuwa imemjaa miguuni. Akamfungua mtoto, akamlaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, na Mama Punje akamnyanyua kwa kumshika kwapani kama wanavyonyanyuliwa watoto wote. Miguu ya mtoto ikapishana kama mkasi. Ikakaza. Mgongo ukajipinda kama upinde, na vidole gumba vilikuwa vimejificha ndani ya ngumi ambazo hazikufunguka. Mikono ya Mama Punje ilijua kabla yeye mwenyewe hajakubali kujua.

"Unaona anavyojikaza?" binti akasema. "Mama mkwe anadai ni nguvu, eti atakuwa dume la shoka. Mimi roho haikutulia, ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe. Punje naye alikuwa hivi?"

"Alikuwa hivi."

Binti akashusha pumzi, mikono kifuani. "Alhamdulillahi! Nilijua. Nimemwambia mume wangu, tulia, Punje naye lazima alikuwa hivihivi."

Nyuma ya pazia Punje akalia, kilio chake kile kirefu kisicho na neno.

"Una mtoto mwingine?"

"Sina."

Akamrudishia binti mtoto wake, akaenda akalivuta pazia.

Punje alikuwa amegeukia ukutani, miguu mirefu, myembamba, imesokotana. Mikono imekunjwa kifuani, mate yamelowesha kola ya gauni. Mama yake akapiga magoti, akamfuta, akamgeuza upande. Kilio kikapungua.

Binti alisimama pale hadi mtoto mikononi mwake akaanza kulalamika.

"Anakujua?"

"Kuna siku ananijua."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Mimi kila jioni namwambia huyu, utasoma kama dada Punje." Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke. "Kila jioni."

"Nisikilize, mwanangu. Jumanne pale hospitali, upande wa pili, kuna mtaalamu wa mazoezi. Anza naye mapema. Sisi tulingoja, tukisema atachangamka mwenyewe. Usingoje."

"Akianza mapema atakaa?"

"Sijui."

"Atatembea? Atanijua?"

"Sijui."

"Leo ndiyo hujui," binti akasema.

Akamfunga mtoto mgongoni, kanga ikamponyoka mara mbili. Mama Punje alinyoosha mkono kumsaidia, binti akaukwepa. Akatoka.

Mwashi aliporudi, saruji bado nyusini, mkewe alimweleza yote.

"Afadhali amejua," akasema.

"Afadhali ipi?"

Akanawa mikono, akaenda kumnyanyua Punje, kwa kuwa siku hizi mkewe peke yake hamwezi.

Jumanne Mama Punje alikwenda kliniki na Punje mgongoni, amefungwa na baba yake, miguu ya mtoto ikimgonga magoti. Akachagua kukaa mahali pa kuona mlango. Binti hakuja. Jumanne ya pili hakuja. Mama Punje hakuthubutu kumuuliza sista.

Ya tatu akaja. Alikuwa amekonda. Aliyatazama mabenchi, akamwona, akaenda kukaa mwisho kabisa, uso ameuelekeza ukutani. Hakusalimia. Alipoitwa ndani, Mama Punje alisikia mtoto analia wakati miguu inanyooshwa, akasikia na sauti ya binti ikimbembeleza, ikikatika, ikianza tena. Kuhusu shule haikusema kitu.

Binti akatoka. Alipofika mbele yake akapunguza mwendo, na Mama Punje akasogea kumwachia nafasi kwenye benchi. Binti akamtazama Punje, miguu, mikono, mdomo ulio wazi, kwa makini, kama mtu anayesoma. Kisha akampandisha mtoto wake begani, akashika njia ya getini.

"Punje!" mtaalamu akaita kutoka ndani.

Mama yake akakaza kanga, akashika ukingo wa benchi, akainuka. Uzito ukamrudisha chini. Akajaribu tena.